Shetani Alipitiwa na Nani?

Kikao Maalumu cha Kamati Ndogo ya Mavuno Kuhusu Kutoweka kwa Jogoo Mmoja Mwekundu Kabla ya Mnada. Ndivyo ilivyoandikwa juu ya karatasi, wapendwa, na mhuri ukapigwa. Jogoo mwenyewe hakuwahi kupewa heshima hiyo alipokuwa hai.

Mnajua mambo ya sikukuu ya mavuno. Huyu analeta mkungu wa ndizi, yule trei ya mayai, na baada ya ibada vinanadiwa. Katika usharika mmoja, bibi mmoja alileta jogoo Jumamosi, jogoo akafungwa kamba mguuni nyuma ya kanisa. Jumapili asubuhi ilibaki kamba.

Kamati ikakaa. Aliyeitwa mbele ni mhudumu wa kanisa, yule anayefagia na kupiga kengele, kwa sababu ndiye mwenye ufunguo wa geti. Akionekana ana kosa, anatoka yeye, mkewe na watoto wanne kwenye chumba cha uani mwa kanisa wanamoishi.

"Sikumgusa, wazee wangu," akasema. "Mimi hata panya wa kanisa hili namwamkia."

Mwenyekiti, mtu wa huruma, akakohoa. "Ndugu wajumbe, tusimlaumu sana mwenzetu. Sote tunajua, ni Shetani tu amempitia. Katibu, andika hivyo. Mhudumu ahame ifikapo Ijumaa, nasi tumwombee."

Wajumbe wakaitikia amina. Shetani ni mshtakiwa mzuri sana: hapelekewi barua, haji kujitetea, wala hakati rufaa.

Lakini mjumbe mmoja alikuwa mama anayefundisha Shule ya Jumapili. Akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, huyo Shetani zamani alikuwa nani?"

"Malaika, mama, akaanguka. Hata watoto wako wanajua."

"Wanajua, na wakaniuliza swali nikawaimbisha pambio ili walisahau. Mimi sikulisahau. Kama kila anayekosa amepitiwa na Shetani, Shetani alipitiwa na nani? Kule juu hapakuwa na Shetani mwingine."

"Hilo halimo kwenye ajenda."

"Limo kwenye hukumu, baba."

Wapendwa, mngemjibuje? Malaika safi, mahali pasafi, hakuna wa kumjaribu: wazo baya alilitoa wapi? Nimesoma vitabu vinene juu ya jambo hili, na vyote vikifika hapo vinaanza kukohoa kama mwenyekiti. Mimi sijui. Anayewaambia kwamba anajua, mwombeni muhtasari wa kikao cha huko mbinguni.

Mhudumu alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mwenyekiti akamtazama, akatazama meza, akasema polepole, "Aliamua mwenyewe."

"Basi na aliyemchukua jogoo?" mama akauliza.

"Naye aliamua mwenyewe." Akasimama. "Katibu, futa. Andika jina langu. Ufunguo wa akiba wa geti ninao mimi. Mama watoto alikuwa amesafiri, nami nimechoka kula maharage. Hakuna aliyenisukuma. Nilipofungua kamba ningeweza kurudi. Nilipochemsha maji ningeweza kurudi. Ndugu zangu, kunyonyoa jogoo yule kulinichukua saa nzima. Shetani gani ana subira hiyo?"

Akamwendea mhudumu akampa mkono mbele ya wote. "Nisamehe. Hutahama." Mama wa Shule ya Jumapili akapiga kigelegele ndani ya kikao maalumu, jambo ambalo kanuni hazijalitungia kifungu hadi leo. Mhudumu akatoka mbio akaivuta kengele, siku ya Jumanne, bila kibali cha mtu yeyote!

Sasa, sisi. Mara ngapi tumesema "ni Shetani tu," huku mafuta yakiwa bado mdomoni? Tunadhani tunajitetea, kumbe tunajishusha, maana asiyeweza kuchagua ubaya wake hawezi kuchagua hata wema wake. Malaika alikuwa amesimama kwenye nuru, akachagua kuanguka. Yule mwenyekiti alikuwa ameanguka, manyoya ya jogoo yakiwa jikoni kwake, akachagua kusimama. Ni nani mkubwa hapo? Simameni, wapendwa! Mlango ule ule alioutumia malaika kutoka, sisi tunaweza kuutumia kuingia.

Na muhtasari ule ulisahihishwa, ukapigwa mhuri upya. Unasema hivi: jogoo aliliwa na mwenyekiti, kwa hiari yake, kwa ugali.