Jina la Mtoto wa Tusekile

Hapo zamani, wala si zile za wanyama kusema, ni hizi za juzi ambazo babu yangu alikuwa bado na meno yote ya kutafunia mahindi ya kuchoma, kulikuwa na kijiji cha Isyeto huko Rungwe, ambako mvua ikianza haina adabu ya kuaga. Watu wa Isyeto walikuwa Wakristo wa kuuliza. Hawakununua kuku kabla ya kumuuliza Mungu. Hawakupanda maharage kabla ya kumuuliza Mungu. Majirani wakatucheka kwamba Isyeto hata chafya inaombewa kwanza. Waache wacheke. Sikilizeni yaliyotokea, kisha mnijibu, maana mimi niliishia darasa la nne, na swali hili limewashinda hata waliomaliza madarasa yote.

Kulikuwa na mwanamke, Tusekile, mke wa Lugano. Miaka saba ya ndoa bila mtoto. Mwaka wa nane tumbo likaja. Jumapili moja asubuhi, sadaka ndiyo inapita kanisani, uchungu ukamshika. Mama Syabumi, mkunga wa kijiji, akampapasa, akakunja uso.

"Mtoto amekingama," akasema. "Huyu si wa mikono yangu. Apelekwe hospitali, na afike kabla jua halijazama. La sivyo tutazika wawili."

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya bonde. Wakamlaza kwenye machela ya mianzi (aliyeisuka ni babu yangu, ndiyo maana haikukatika, lakini hayo tuyaache). Wanaume wanne, Lugano mmojawao, wakaibeba, wakaondoka mbio.

Njiapanda wakasimama. Kulia, njia fupi ya darajani. Kushoto, njia ndefu ya mlimani. Mmoja wa wabebaji alikuwa Kandonga, mrina asali, mtu wa kuonekana kanisani Krismasi na Pasaka, ambaye siku hiyo walimkuta barabarani na panga lake.

"Darajani," akasema Kandonga. "Kuna la kuuliza hapo?"

"Lipo," akasema Anyimike, mzee wa kanisa aliyekuwa ametangulia mbele. Akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya Jumapili. Akaomba kwa ufupi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kanisani, akainuka. "Nikiifikiria ya darajani, moyo unanidunda. Nikiifikiria ya mlimani, unatulia. Twendeni mlimani."

"Mzee, moyo wako unaijua njia kuliko miguu yangu?"

"Hauijui. Unamjua anayeijua."

Wakapanda mlima. Hawajafika mbali, wakasikia mbao zinavunjika huko bondeni. Kutazama, mto unaondoka na daraja kama mpangaji anayehama na kitanda chake. Wakaimba.

Wakapanda, wakapanda. Mama Syabumi alikuwa kando ya machela, ameushika mkono wa Tusekile. Ghafla akasema, "Simameni."

"Kuna nini?"

"Sijui. Nimekuwa nikiomba tangu njiapanda, na sasa nimeambiwa tusimame."

"Umeambiwa na nani, mama? Mimi sikusikia," akasema Kandonga.

"Ungesikiaje, na unaongea tangu asubuhi?"

Mzee Anyimike naye akapinga. "Mama, moyo wangu bado umetulia. Twende."

"Umetulia kwa sababu haujabeba mimba. Wekeni machela chini."

Wakaiweka, wakinung'unika. Hawajamaliza kunung'unika, mlima ukateremka mbele yao, udongo na mawe na migomba iliyopinduka mizizi juu, palepale ambapo wangekuwa wamefika. Wakaimba tena, ila safari hii ubeti mmoja tu, maana njia nayo ilikuwa imekwenda.

Jua limepita utosi. Mzee Anyimike akapiga magoti, moyo wake haukusema kitu. Mama Syabumi akapiga magoti, akasikia "simama" ileile. Tusekile akalia, "Jamani, huyu hasimami."

Ndipo wakasikia ko, ko, ko. Kandonga ameingia kwenye mianzi, anafyeka.

"Kandonga, hatujajibiwa," akasema mzee.

"Nyie subirini. Mimi miaka ishirini napita humu kuwafuata nyuki. Kuna njia ya nguruwe inatokea nyuma ya hospitali. Mnadhani aliyenionyesha ni nani? Kama hataki tupite, atanivunjia panga."

Panga halikuvunjika. Jua likiwa limebakiza kiganja kimoja juu ya kilima, machela ikatokea nyuma ya jiko la hospitali. Daktari akafanya kazi yake. Mtoto wa kike akatoka na sauti ya kuezua bati. Mama mzima, mtoto mzima. Mama Syabumi akapiga vigelegele mpaka wagonjwa wakatoka kitandani kuuliza harusi ni ya nani, na Lugano akacheza uwanjani, machela kichwani.

Sasa, kwetu mtoto aliyenyang'anywa kifo hupewa jina la mtu aliyemnyang'anya. Mtu mmoja tu. Jina halimegwi kama ugali. Wala halina suruali wala gauni, msichana hubeba la mwanamume bila neno. Ukipata wa jina lako, umepata wa kukuzika na kukutaja. Na katika wale watatu, hakuna hata mmoja aliyekuwa na wa jina lake.

Wakafika kwa Lugano siku moja, kila mtu na mkungu wake wa ndizi.

Mzee Anyimike akasema, "Nisingeuliza njiapanda, leo mngekuwa mnaiokota machela ziwani, mto unakoishia. Angesimama wapi huyu? Angefyeka nini yule?"

Mama Syabumi akasema, "Moyo wako mtulivu, mzee, ulikuwa unatupeleka chini ya udongo tukatulie sote. Mimi ndiye niliyewasimamisha."

"Na ungetusimamisha mpaka leo," akasema Kandonga. "Mlituzuia tusife, nakubali. Nani alitufikisha?"

"Wewe hukuuliza," akasema mzee. "Tena ulitaka darajani."

"Nilitaka. Nyie mkauliza mara mbili mkajibiwa, mara ya tatu kimya. Labda jibu lilikuwa limeshashika panga."

Lugano akainua mikono. "Tumbo lilikuwa la Tusekile. Jina ni lake kuchagua."

Ikaja Jumapili ya ubatizo. Kanisa likajaa mpaka madirishani, kwaya ikaimba hadi vumbi likadondoka darini. Tusekile akasimama mbele na binti yake aliyenona kama mkate. Mchungaji akachovya mkono majini, akauliza, "Jina la mtoto?"

Mzee Anyimike akaangalia viatu vyake. Mama Syabumi akafumba macho. Kandonga, aliyekuwa kanisani na wala si Krismasi, akavua kofia. Tusekile akawatazama, mmoja, mmoja, mmoja.

Haya, mkono wa mchungaji unadondosha maji. Je, nani alistahili, yule aliyetulia, yule aliyesimama, au yule aliyefyeka?