Tausi Yalazwa Mchangani

"Chombo husifiwa majini, hununuliwa mchangani." Jana mlimsikia Bi Zena akilisema neno hili, alipokataa kupokea posa ya mjukuu wake mpaka aende akawaone wakwe wanavyoishi kwao. Nanyi mkacheka. Haya, chekeni, lakini mjue lilianzaje.

Mtaa wetu wa Chini ulikuwa haujashinda mashindano ya mashua tangu chombo chetu kivunjike mwambani. Wazee wakauza shamba la minazi la mtaa, nalo lilikuwa hilo hilo moja, ili wanunue chombo kingine. Pesa akakabidhiwa Nahodha Famau, ambaye ndiye angeshika usukani. Akikosea, shamba limekwenda na chombo hakuna.

Ng'ambo kulikuwa na mashua kuukuu ikiuzwa, jina lake Tausi. Siku zote ilibeba watu wa ziara na harusi, na siku ya mashindano iliziacha nyingine mbali. Mwenyewe, Bwana Lali, alikuwa mtu wa kujiona, na alikuwa na haki. Akawapakia wazee wetu, akatweka tanga, Tausi ikaruka. Wazee wazima, na ndevu zao, wakapiga vigelegele! Waliposhuka wakamhimiza Famau atoe pesa.

Famau naye alishaipenda. Alipoushika usukani ule alijiona mfalme. Hata hivyo akaomba mashua ilazwe ubavu maji yakipwa, atazame chini.

Kwa watu wa ng'ambo hilo lilikuwa tusi. Mashua hulazwa na mwenyewe na watu wake. Mgeni haoni tumbo lake.

"Unanivua nguo mbele za watu," akasema Lali.

"Nimeipenda mno, Bwana Lali. Ndiyo maana siyaamini macho yangu."

Lali akakubali kwa hasira, apate kumuumbua. Maji yakapwa, Tausi ikalala mchangani. Famau akakwangua mafuta na chokaa yaliyopakwa tumboni mwake, akawa anagonga mbao kwa kifundo cha kidole, akisikiliza. Karibu na mkuku, ule mti mkuu wa chini ya mashua, mlio ukafifia. Akachomeka kisu, kikazama mpaka mpini.

Lali akainama, akatia kidole mwenyewe, akatoa unga wa mbao. Ijumaa ile alikuwa ampakie bintiye, bibi harusi, na wanawake wote wa ukoo, avuke nao mkondo.

Angeweza kuupaka ubao ule mafuta akawauzia wengine. Hakutaka. Alimwita fundi, akaung'oa watu wakiona, akatia mpya. Kisha akailaza Tausi mwenyewe, akamwita Famau agonge tena. Safari hii ubao ukalia vizuri.

Lali akasimama kifua mbele. "Majini kila mtu ataisifu," akasema. "Mimi naiuza hapa mchangani."

Famau akalipa. Mwaka ule Tausi ilitushindia, na aliyeshangilia kuliko mtaa wetu mzima alikuwa Lali.

Basi mwacheni Bi Zena agonge ubao wake. Chombo husifiwa majini, hununuliwa mchangani.