Ukuta Mweupe wa Bwana Shekue

Kila mvua iliponyesha, Bwana Shekue aliokota konokono wakubwa kwenye maua yake na kuwarusha ng'ambo ya michongoma, kwenye mchicha wa jirani yake, Bi Mwanahawa. Mjane huyo aliishi kwa kuuza mchicha. Bwana Shekue alikitaka kiwanja cha mjane, na konokono walimfanyia kazi ya kumchosha auze, wakila mchicha usiku kucha bila mshahara.

"Niuzie, dada," alimwambia. "Utawalimia konokono mpaka lini?"

"Huenda nikauza," alijibu Bi Mwanahawa. "Lakini nina ombi, kaka yangu. Ukuta wa nyumba yako unaotazama huku usiupake chokaa. Weupe wake utanirudishia jua, na mchicha uliobaki utaungua. Hapo sitakuwa na jinsi ila kuuza."

"Siwezi kukutendea hivyo, dada."

Kesho yake alileta mafundi. Walipaka na kurudia mpaka ukuta ukaumiza macho. Bi Mwanahawa alisimama kwenye michongoma ameshika kichwa. Bwana Shekue akampungia mkono.

Mvua ilipokuja tena, Bwana Shekue alipiga hodi asubuhi na mapema, nguo za kulalia bado mwilini.

"Dada, konokono wote wamehamia ukutani kwangu. Wanaikwangua chokaa na kuila."

"Ndiyo wanayojengea magamba," alisema Bi Mwanahawa, huku akifunga mafungu ya mchicha wa kupeleka sokoni. "Nilikuomba usipake, kaka. Sasa umewazoesha."