Somoe na Magari Mawili ya Bwana Nassoro

Somoe alimwomba shemeji yake, Bwana Nassoro, gari la kumpelekea bintiye ukumbini Jumamosi.

"Gari langu halibebi maharusi," alijibu tajiri yule. "Tena nina shida yangu. Nataka kununua gari jingine, na sijui nichukue toleo la zamani linaloondoka sokoni, au jipya lililobadilishwa sura."

"Pole, shemeji. Lakini gari huchaguliwa barabarani, si dukani. Omba uyajaribu yote mawili. Wewe endesha jipya, la zamani nitalitafutia dereva. Tupite mitaani tuone watu wanashangilia lipi."

Nassoro akaliona shauri la maana, na wenye duka wakampa funguo.

Jumamosi akatangulia na lile jipya, Somoe kando yake, la zamani likifuata. Kila mtaa ulilipuka kwa vigelegele. Watu walikimbia na simu kupiga picha. Nassoro alitazama mbele tu, shingo imerefuka.

"Basi nachukua jipya," alisema. "Husikii mwenyewe?"

"Nasikia, shemeji. Kata kulia, tupumzike pale ukumbini."

Alipoegesha, akina mama walilipita gari lake, wakalizunguka la nyuma. Mlango ukafunguliwa, akashuka bi harusi.

"Kumbe," alisema Somoe akishuka taratibu, "walikuwa wanashangilia la zamani."