Kasia la Pili la Mzee Majura

Kaeni vizuri, na wewe mwenye karanga tafuna polepole, maana mwisho wa hadithi hii kazi ni yenu, si yangu.

Kwenye mwalo wa Nyakaseni, pale ufukweni mwa ziwa mitumbwi inapotia nanga, aliishi mvuvi aliyefiwa na mkewe, Mzee Majura, pamoja na wanawe watatu. Nyabwire, mkubwa wao, alijaliwa kupatanisha: watu waliorushiana ngumi asubuhi, jioni aliwakalisha kwenye sahani moja. Masatu alijaliwa ulimi. Hata aliyekuja kubisha alijikuta anaitikia kwa kichwa. Na Nyangeta, kitinda mimba, alijaliwa mkono wa jikoni. Kwa samaki wake, watu wazima walitoka mjini wakisingizia wamekuja kusalimia.

Basi leseni ya uvuvi ikapanda. Mwenye boti la injini na mwenye mtumbwi wa makasia, bei moja: bei ya mbuzi mzima. Mzee Majura mbuzi hana. Akaufudikiza mtumbwi wake nyuma ya nyumba, kuku wakawa wanataga chini yake, naye akageuka mtu wa kununa. Anagombana na kuku, anagombana na jua, chakula anakionja tu.

"Baba anakwisha," Nyabwire akawaambia wadogo zake, "na sisi tunamtazama."

Akaanza yeye. Wavuvi wa nyavu na wavuvi wa ndoano walikuwa hawasalimiani. Kila kundi lilikwenda kulalamika peke yake, likarudi mikono mitupu. Nyabwire akazunguka nyumba hadi nyumba, akatukanwa, akacheka, akarudi tena. Mwishowe wakaketi pamoja, wakaomba kwa sauti moja madiwani, wapangaji wa bei ya leseni, waje mwaloni wawasikilize. Madiwani wakaja.

Masatu akasimama.

"Waheshimiwa, leseni ni bei ya mbuzi. Mtumbwi wa baba yangu nao, ukiuzwa, ni bei ya mbuzi. Iweje ruhusa ya kupiga kasia ilingane na chombo chenyewe?"

Diwani mmoja akakiri kuwa hajawahi kulifikiria hilo. Lakini mwenyekiti akatazama saa, akasema suala ni zito, litasubiri kikao kijacho, sasa twendeni tukale.

Wee! Nyangeta alikuwa anawangoja. Wakanawa mikono, mate yanawatoka, akawafunulia maharage.

"Nyangeta mwanangu," mwenyekiti akauliza, "samaki wako wapi?"

"Wapo ziwani, mheshimiwa. Wa kuwavua ndio wako nchi kavu, leseni imewashinda. Karibuni maharage, mtayazoea."

Wakacheka, wakala wakitazamana, kisha wakarudi kwenye viti vyao. Hawakuondoka Nyakaseni mpaka leseni ya mtumbwi wa makasia iliposhuka hadi bei ya jogoo.

Mzee Majura akakata leseni yake. Asubuhi akawafukuza kuku, akausukuma mtumbwi majini huku anaimba kama bwana harusi. Ila mtumbwi ule unabeba watu wawili tu. Na watu wa Nyakaseni wana desturi yao: chombo kilichokaa nchi kavu kikirudi majini, atakayepiga kasia pamoja na mwenye chombo siku hiyo ya kwanza ndiye atakayekirithi.

Mzee akageuka. Wanawe wote watatu wamesimama, maji magotini, na kila mmoja anautaka mtumbwi ule kwa moyo wote.

"Baba, bila mimi madiwani wasingekanyaga hapa," akasema Nyabwire.

"Wangekanyaga wafanye nini, bila wa kuwaeleza?" akasema Masatu.

"Na ungewaeleza mpaka leo," akasema Nyangeta, "kama si maharage yangu."

Mzee akawatazama, kasia la pili mkononi, machozi yanamlengalenga. Anawapenda wote, na wote wamesema kweli.

"Jamani wanangu," akasema, "mmenitoa kwenye shida moja mkanitia kwenye nyingine."

Haya, nimemwacha pale pale, mtumbwi unayumba. Asiniambie mtu awapakie wote, watazama. Ungekuwa wewe ndiye baba yao, kasia ungemkabidhi nani? Na wale wawili wanaobaki ufukweni ungewaambia nini?