Punda Arobaini wa Nurabadi

Waliotutangulia wametuachia habari ya Sultani Ghiyathi bin Lukmani, aliyetawala mji wa Nurabadi, mji wenye bustani na misikiti na masoko ya hariri, na chemchemi moja tu ya maji. Basi jini aitwaye Sakhrani akaja akakaa katika chemchemi ile na maji yakakauka, na watu wakalamba umande juu ya majani, na watoto wachanga wakaanza kufa.

Sultani akaenda kumsihi, na jini akasema, "Ewe Ghiyathi, nipe mtu mmoja kwa hiari yake, nimvike ngozi ya punda, awabebee maji miaka saba, nami nitayafungua."

Mawaziri wakatazama viatu vyao. Aliyesimama ni Hamdani, muuza maji, ambaye hata mwezi wa ndoa yake ulikuwa haujatimia.

Mkewe, Mwanakheri, akamshika kanzu. "Nani kakutuma wewe? Mji mzima umejaa wanaume!"

"Mke wangu, kubeba maji ndiyo kazi niijuayo," akasema Hamdani. "Nisubiri."

Jini akamvika Hamdani ngozi ya punda, kisha akamwonea huruma yule mwanamke, akamnong'oneza: "Siku ya mwisho ya miaka saba, punda arobaini wa Sultani wabebao maji watapita mjini, naye kati yao. Mumeo ni yule mwenye sikio la kushoto lililochanika. Ili arudi kuwa mtu, mwite kwa jina mara moja tu, kabla wa mwisho hajavuka lango la soko. Ukimwita asiye yeye, umempoteza. Na ukimwambia mtu alama hii, umempoteza vilevile."

Mwanakheri akafunga mdomo miaka saba. Hakuruhusiwa kuikaribia chemchemi, lakini maji aliyanywa, na kila alipoinua kata moyo ulimuuma, maana alijua nani kayabeba.

Sasa watu wa Nurabadi, Mungu awasamehe, walikuwa na desturi moja wasiyoiacha: mtu anayeheshimiwa hapiti mbele za watu kichwa wazi. Na kwa kuwa hawakujua ni punda yupi aliyewaokoa, waliwaheshimu wote. Kwa ajili ya siku ile ya mwisho wanawake wakashona kofia arobaini za hariri, kubwa, zenye nakshi za dhahabu, wakawavika punda hadi machoni, na masikio yote yakafichika.

Mwanakheri alipouona msafara unakuja, akajipenyeza hadi mbele ya watu. "Wavueni kofia!" akapiga kelele. "Wavueni, nawaomba!" Lakini ngoma zilirindima na vigelegele vikapaa, na jirani yake akamkumbatia akidhani analia kwa furaha.

Punda wakapita kumi, wakapita thelathini. Ndipo mmoja akasimama mbele yake, akainamisha kichwa kwa upole, na Mwanakheri akaita kwa sauti yake yote, "Hamdani!"

Punda yule akaokota ganda la ndizi, akatafuna, akaenda zake.

Katikati ya wale waliobaki kukatoka kilio kilichoanza kama cha mtu kikaishia kuwa cha punda. Mwanakheri akawakimbilia, akang'oa kofia moja baada ya nyingine. Masikio yote yalikuwa mazima; alama ilikuwa imefutika.

Sultani aliposikia habari yote alilia hadharani, akasema, "Ewe bibi mwema, kubali nikuoe, nusu ya hazina yangu iwe mahari yako."

"Bwana wangu, mimi nina mume," akajibu Mwanakheri. "Ila simjui ni yupi. Nipe wote arobaini, wasibebe kitu tena."

Akapewa. Akawalisha kwa mkono wake, akawasafisha kwato, na kila mmoja alipokufa alikaa eda miezi minne na siku kumi, kwani huenda ndiye. Wengine walikufa akiwa bado edani, akaanza upya. Kadhi alikuja kumkataza, akamtazama, akarudi zake.

Alipofariki yeye, punda walikuwa wamebaki watatu. Watu wakawaacha vichwa wazi wafuate jeneza, na wao wenyewe wakajifunga masikio marefu ya ngozi na kubeba mitungi kichwani, wakiliita lile jina njia nzima. Msafara huo Nurabadi huurudia kila mwaka, na wageni hucheka sana wakiona masikio yale. Anayetaka kumshukuru mtu na amtazame usoni kwanza. Siku ile ya maziko waliita mpaka makaburini, na hakuna punda aliyegeuka.