Fimbo Zenye Macho

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Sema wewe, umbea wote unao!

Haya. Pakawa na mto, na Bi Panya aliyechimba nyumba ukingoni, na jirani yake Kiboko. Kiboko huyo, mimi sisemi, wenyewe wa mtoni ndio wanasema, akila hashibi. Kila jioni alipandia palepale kwenda kula nyasi, na kila akipanda, poromoko! Udongo majini.

Asubuhi moja Bi Panya akaona mwanga umepenya ukuta wa nyuma. Wanawe hata macho hawajafumbua. Atawapeleka wapi?

Akamfuata Kiboko.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Sema upesi, nina njaa."

"Nasikia Nyati anautaka ukingo huu. Ati hauna mwenyewe, haujapigiwa vigingi."

"Nyati? Yule mnuka tope?"

"Huyohuyo. Mimi nikate fimbo, wewe upigilie. Ila macho yatazame juu."

"Fimbo ina macho?"

Bi Panya akamwonyesha vichipukizi kwenye tawi la mbono, mti ule wa kuzungushia boma. "Haya hapa. Wewe ukilala, yenyewe yanakulindia. Ukiyageuza, yatalinda kuzimu."

Bi Panya akaguguna, gugu-gugu. Kiboko akapigilia kwa kidevu, ndi! "Hapa pangu!" Ndi! "Na hapa pangu!" Katikati Bi Panya akalaza matete, akayaita mkeka wa mwenye ardhi. Nyati, maskini, yuko bondeni anacheua, hana habari.

Manyunyu yakaja, fimbo zikafumbua macho: jani hapa, jani pale. Chini mizizi ikakamata udongo. Masika yalipofika, mto ukaja juu, vuuu! Ukapiga ukingo, ukarudi na aibu yake. Ndani, Bi Panya akaweka kiganja ukutani. Pakavu. Hakukiondoa upesi.

Jioni Kiboko akaja kula. Njia imeziba. Akauma mbono: ptuu! Chungu!

"We Panya! Nipite wapi?"

"Popote, babu. Pote kwako."

"Kwangu nitaingiaje?"

"Hilo la mwenye ardhi. Mimi mpangaji tu."

Kiboko akaenda kupandia kule kwenye mawe, mbali, akinung'unika. Lakini akimwona Nyati tu, hupiga kelele: "Usiguse! Pana mwenyewe!"

Basi wajukuu zangu, funzo ni hili: kuweni na tamaa, tena sana. Kiboko angekuwa mtu wa kutosheka, wale watoto wangefumbulia macho majini.

Hadithi yangu imetua. Aliyeipenda aende nayo, aliyeichukia aniachie, mimi nitamsimulia jirani.